Ukata wa Miaka ya 80: Sheria Ilipomfuata Mwananchi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi mambo yalivyotuandama kwa mkupuo: Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, vita vya Kagera vilivyomeza takriban dola milioni 500, bei ya mafuta kupaa mwaka 1979, na mazao ya biashara kudorora. Mkonge, uliowahi kutupa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka katika miaka ya 60, kufikia katikati ya miaka ya 80 ulikuwa umeshuka hadi kama tani 30,000. Fedha za kigeni zikakauka. Viwanda vikakosa vipuri na maduka yakakosa bidhaa.

Wengi husimulia kwamba mageuzi ya uchumi wetu yaliletwa na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986. Shinikizo lilikuwapo, sikatai. Lakini anayefuatilia tarehe ataona kuwa serikali ilianza kulegeza kamba kabla ya hapo, tena mara nyingi kwa kuruhusu jambo ambalo wananchi walikwisha kulifanya kwa kificho.

Chukua usafiri wa Dar es Salaam. UDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1974, lilikuwa na mabasi mengi yaliyolala gereji kwa kukosa matairi na vipuri. Watu walifikaje kazini? Kwa mabasi bubu na magari madogo yaliyobandikwa mabenchi ya mbao, abiria wakitazamana, yale ya "chai maharage". Polisi waliyakamata, kesho yake yakarudi barabarani. Mwaka 1983 serikali ikawapa watu binafsi leseni za kubeba abiria, na daladala ikawa halali.

Mwaka huohuo, hata hivyo, serikali ilijaribu pia njia ya mkono wa chuma. Machi 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilianza operesheni dhidi ya wahujumu uchumi. Kwa siku kadhaa watu walizoa vitu vyao usiku na kwenda kuvitupa: sukari mtoni, vitenge vichakani, mwingine hata friji lake alilolinunua kwa jasho. Sheria iliyotungwa iliwanyima watuhumiwa dhamana, wakili na rufaa, na nguvu yake ikarudi nyuma hadi kwa makosa yaliyotendwa kabla haijakuwapo. Sokoine alipendwa, na anapendwa hadi leo, kwa uadilifu wake. Sheria ile, kwa maoni yangu, ilikuwa mbovu. Tena haikujaza rafu za maduka. Walanguzi walikuwa wanaishi kwa uhaba, na uhaba wenyewe haukuguswa. Mwaka 1984 Bunge likaiweka kando na kutunga nyingine iliyo nafuu.

Bajeti ya Juni 1984 ndiyo iliyogeuza mambo. Cleopa Msuya, Waziri wa Fedha, aliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizipata wapi. Sabuni, khanga, redio na mitumba vikarudi madukani, kwa bei ya kukata maini lakini vikapatikana. Ruzuku ya unga wa sembe nayo ikaondolewa, ada za shule zikarudi, na mshahara wa karani ukawa hautoshi hata nusu mwezi.

Nyumbani, mambo yalibadilika kimyakimya. Mke wa mtumishi wa serikali aliamka alfajiri kuchoma maandazi, akauza barafu, akafuga kuku wa mayai uani. Katika nyumba nyingi miradi hiyo midogo ilizidi mshahara wa baba, na sauti ya mama kwenye mambo ya fedha ikapanda. Wakubwa nao walifuga ng'ombe wa maziwa, ingawa Azimio la Arusha lilikuwa limewafungia viongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha.

Kwa hiyo Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu Novemba 1985, "ruksa" yake ilikuta mlango umeshafunguliwa nusu. Mkataba na Shirika la Fedha ulifuata mwaka 1986, shilingi ikashushwa kutoka kama 17 kwa dola hadi 40, na kufikia 1990 dola ilikaribia shilingi 200. Mwaka 1991 chama kilikaa Zanzibar na kuwaondolea viongozi vile vizuizi vya Arusha. Ng'ombe wale wa wakubwa, wakati huo, walikuwa wamekwisha kuzaa mara kadhaa.

Itaendelea wiki ijayo: mashirika ya umma yalivyouzwa.