Je, Wajua? Toyota Crown Iliyotumika na Kasoro Zilizotoka Nayo Kiwandani

Toyota Crown ni saluni ya kifahari iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1955. Kwao ilikuwa gari la mabosi, maofisa wa serikali, polisi na teksi za heshima. Zinazoonekana zaidi Tanzania ni za vizazi viwili: cha kumi na mbili, kilichotoka Desemba 2003, na cha kumi na tatu, kilichotoka Februari 2008. Nyingi zina injini ya V yenye silinda sita, ya lita 2.5, 3.0 au 3.5, na husukumwa na magurudumu ya nyuma.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, Crown si gari la kubebea abiria kama Probox na Noah zinazofanya kazi ya mchomoko. Huwa ni gari la mfanyabiashara, la mtumishi aliyejikusanyia, au la kijana aliyevuna vizuri na kutaka kukaa vizuri barabarani. Nyingine hupita tu. Ni magari ya IT (in transit), yaliyoshushwa bandari ya Dar es Salaam na kuendeshwa hadi Nyakanazi na Lusahunga, kisha Rusumo kuelekea Rwanda au Kabanga kuelekea Burundi. Crown inayouzwa kwa bei ya kutupa karibu na mpaka inafaa kuulizwa kwanza TRA kama imelipiwa ushuru, kabla hata ya kufungua boneti.

Gari la namna hii huwa na matatizo ya aina mbili, na wanunuzi wengi huyachanganya. La kwanza ni uchakavu, yaani bushi, shokapu, oili na mambo mengine ambayo fundi yeyote mzuri huyaona. La pili ni kasoro ya kiwandani, kitu kilichokosewa tangu gari linaundwa. Kasoro hiyo inaweza kukaa kimya miaka kumi na tano bila mlio wala taa.

Kwa kasoro za aina hii upo utaratibu wa kurudisha magari (recall) katika nchi nyingi. Marekani iliutungia sheria mwaka 1966, na Japani ikaanza wa kwake mwaka 1969. Kiwanda kikigundua kwamba kundi fulani la magari lina kasoro inayohatarisha maisha, hukiarifu chombo cha serikali, hutangaza hadharani, na kuyaita magari hayo gereji yakatengenezwe bure. Kila mmiliki huandikiwa barua kwa jina na anwani iliyo kwenye daftari la usajili. Tatizo la mnunuzi wa Afrika Mashariki linaanzia hapo hapo. Gari linapouzwa nje ya Japani, usajili wake hufutwa ili lipate cheti cha kusafirishwa. Tangazo likitoka baada ya siku hiyo, barua haina pa kwenda. Aliyenunua Crown kwa dalali mjini Biharamulo, akiwa mmiliki wa tatu au wa nne, hajulikani kabisa na kiwanda, na hakuna atakayempigia simu. Ni lazima yeye alitafute tangazo.

Ufunguo wa utafutaji huo ni namba ya chesi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17 inayotumika Marekani na Ulaya. Lina herufi na namba za modeli, kistari, halafu namba ya mfululizo. GRS180 ni Crown ya lita 2.5 ya kizazi cha 2003, GRS182 ni ya lita 3.0 na GRS184 ni ya 3.5. Kizazi cha 2008 ni GRS200, GRS202 na GRS204 kwa mpangilio uleule. Namba hiyo imo kwenye kadi ya gari, imegongwa kwenye bodi, na iko kwenye kibati cha modeli. Zote tatu zilingane herufi kwa herufi. Ikipishana hata tarakimu moja, mazungumzo ya bei yasimame.

Namba ikishapatikana, huingizwa kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, sehemu ya matangazo ya kurudisha magari. Ukurasa ni wa Kijapani, lakini simu yenye programu ya kutafsiri inatosha. Tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ambayo wengi hukimbilia, haitasaidia kwa Crown ya Japani kwa sababu inataka namba ya tarakimu 17. Mercedes-Benz na BMW huwa nazo hata zikitoka Japani. Hata hivyo tovuti hiyo haihusu magari yaliyouzwa nje ya Marekani, hurudi nyuma miaka 15 tu, na haionyeshi kasoro iliyokwisha kurekebishwa.

Kuna alama nyingine ambayo mafundi wengi huipita bila kujua ni nini. Gereji ya Japani ikimaliza matengenezo ya aina hii, hubandika kibandiko kidogo chenye namba karibu na komeo la mlango wa dereva, upande wa nguzo. Mlango ukifunguliwa wazi na vumbi kufutwa, vibandiko hivyo huonekana. Kila kimoja ni ushahidi kwamba tangazo mojawapo lilitekelezwa. Asiyevijua huvibandua akidhani ni uchafu wa mnada.

Oktoba 2014 Toyota ilitangaza kurudisha magari yapatayo milioni 1.75 duniani kwa kasoro mbalimbali. Yapata 800,000 kati ya hayo yalikuwa Crown, Crown Majesta, Noah na Voxy, yaliyoundwa kati ya Juni 2007 na Juni 2012. Kosa lilikuwa kwenye mpira wa ndani ya masta silinda ya breki, ambao ungeweza kuharibika na kuvujisha oili ya breki ikaingia kwenye busta. Ubaya wa uvujaji huu ni kwamba hauonekani. Sakafu hubaki kavu na magurudumu hubaki makavu, huku kikopo cha oili ya breki kikipungua taratibu na kanyagio likizidi kuzama. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo ina urefu wa takriban kilomita 92, na kabla ya daraja la Rusumo huteremka kutoka vilimani hadi bonde la mto Kagera, mara nyingi nyuma ya lori lililosheheni. Breki inayozama haivumiliki pale. Kikopo chenye oili pungufu katika gari lisilovuja popote ni sababu tosha ya kufungua masta silinda.

Miaka minne kabla, Julai 2010, Toyota ilikuwa imerudisha magari yapatayo 270,000, mengi ya Lexus pamoja na baadhi ya Crown, kwa sababu ya springi za valvu. Chuma cha springi hizo kilikuwa na chembechembe za uchafu, hivyo springi ingeweza kukatika na kuizima injini gari likiwa kwenye mwendo. Kuzibadilisha ni kazi ya kufungua sehemu ya juu ya injini, tena kwa fundi anayeijua. Injini ya kizazi cha 2008 inayogongagonga au kutetemeka isivyo kawaida ikiwa imesimama ipelekwe kupimwa kabla ya fedha kutolewa.

Kasoro kubwa kuliko zote katika historia ya magari ni ya mifuko ya hewa, yaani eabegi, iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani. Tangazo la kwanza lilitolewa na Honda mwaka 2008. Baadaye likaenea hadi karibu kila kampuni kubwa, likagusa vifaa vipatavyo milioni 100 duniani, na Juni 2017 Takata ikaomba ulinzi wa kufilisika. Zaidi ya watu 30 wamekufa. Miongoni mwa magari yaliyotajwa ni Corolla, Vitz, RAV4, Lexus IS na ES, BMW 3 Series na Mercedes C-Class, kwa miaka mahususi ya kila moja.

Mfuko wa hewa hufutuka kwa gesi inayozalishwa na baruti ndogo ndani ya kopo la chuma. Takata ilitumia amonia naitreti, kemikali ambayo wakulima wanaifahamu ndani ya mbolea ya CAN. Kama mbolea hiyo inavyovuta maji na kuganda mfukoni msimu wa mvua, ndivyo vidonge vya baruti vilivyovuta unyevu. Joto la mchana na ubaridi wa usiku, mwaka baada ya mwaka, vikavivuruga na kuvijaza matundu. Kidonge chenye matundu huungua haraka kupita kiasi. Kopo hupasuka, na vipande vya chuma hupita kwenye kitambaa hadi shingoni na usoni mwa aliyekaa mbele. Ajali inaweza kuwa ndogo, ya kugongana bampa, na bado ikaua kwa sababu hiyo.

Hatari hupanda kwa umri, joto na unyevunyevu. Marekani ilizipa kipaumbele Florida, Hawaii na maeneo mengine yenye joto na unyevu, na mwaka 2014 mama mjamzito aliuawa na eabegi ya namna hii Malaysia. Vilima vya Ngara vina baridi kuliko Dar es Salaam au Tanga, kwa hiyo gari lililokaa Ngara haliozi kwa kasi ya lile la pwani. Lakini haijulikani gari lilikaa wapi kabla, na Kagera ni mkoa wa mvua. Japani ilianza mwaka 2018 kuyanyima ukaguzi wa lazima magari yenye eabegi za hatari zaidi ambazo hazijabadilishwa. Australia ilitoa amri ya lazima mwaka huohuo. Yaliyouzwa nje kabla ya hatua hizo hayakupata kinga hiyo.

Kipimo cha kwanza cha eabegi hakina gharama. Ufunguo ukiwashwa bila kupiga stati, taa nyekundu ya mtu aliyeketi na duara mbele yake huwaka sekunde chache kisha huzimika. Ikibaki inawaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa balbu au ameikatia waya, na mara nyingi ni kwa sababu gari liligongwa, eabegi zikafumuka, na hazikurudishwa. Hali hii ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa mara nyingi imekusudiwa kumdanganya mnunuzi. Karatasi ya mnada wa Japani nayo husema mengi. Daraja la R au RA ni la gari lililopata ajali na kutengenezwa, XX ni kipande cha bodi kilichobadilishwa, W ni bati lililonyooshwa. Karatasi hiyo pia hutaja kilomita halisi, ambazo wakati mwingine huzidi zile za dashibodi.

Baada ya kasoro za kiwandani ndipo huja udhaifu wa kawaida, na Crown inao. Injini za lita 2.5 na 3.0 hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haioshi valvu za kuingizia hewa. Masizi hujijenga juu yake na injini hutetemeka asubuhi. Ile ya lita 3.5 ina sindano za aina mbili na husumbuka kidogo. Pampu ya maji huvuja, na dalili yake ni ukoko wa waridi, rangi ya kulanti ya Toyota. Mtindo wa kung'oa themostati na kujaza maji ya bombani huficha tatizo hadi gasketi ya silinda hedi iungue. Gia boksi kwa kawaida haina kijiti cha kupimia oili na hutaka oili ya WS. Ikijazwa nyingine huanza kushtuka. Mbele, bushi na boljointi huchoka mapema kwenye barabara iliyotobolewa na malori, na tumbo la gari liko sentimita 15 hivi tu kutoka ardhini. Crown Majesta yenye shokapu za upepo haifai kabisa kwa Ngara. Kwa anayefikiria gari la Ulaya badala ya Crown, Mercedes zenye injini ya M272 za mwanzo hula gia ya shafti ya kusawazisha, na kuitengeneza ni kushusha injini. BMW nyingi zina pampu ya maji ya umeme inayokufa ghafla.

Namba ya chesi ikionyesha tangazo ambalo halijatekelezwa, hatua ya busara ni kumwandikia wakala rasmi nchini, Toyota Tanzania kwa magari ya Toyota, na kuomba jibu la maandishi kuhusu vipuri na gharama. Ulinzi wa mlaji uko chini ya Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na malalamiko hupokelewa huko. Crown ambayo matangazo yake yamekwisha kutekelezwa, kulanti yake ni safi na breki yake haizami bado ni ununuzi mzuri kwa mkazi wa Biharamulo au Ngara. Ile ambayo taa ya eabegi haiwaki kabisa ufunguo unapowashwa isinunuliwe kwa bei yoyote.