Kununua si kazi, kazi ni kulea

Vua bampa ya mbele ya Porsche 911 aina ya 996, ile ya modeli za mwaka 1998 hadi 2005, baada ya kuzunguka Lubumbashi kiangazi kizima. Injini iko nyuma, lakini rejeta za maji zimejificha kwenye pembe mbili za mbele, kila moja imefunikwa na rejeta ya kiyoyozi. Kati ya rejeta ya maji na ile ya kiyoyozi mna nafasi nyembamba, na humo hujazana vumbi jekundu, majani makavu na, jakaranda zikichanua, maua yake ya zambarau. Mvua za kwanza zikiyalowesha, yanagandamana kama udongo wa tofali. Injini inachemka, na mwenye gari anadhani imekufa.

Dawa yake ni spana, bisibisi, brashi laini, maji ya taratibu na nusu siku ya Jumamosi. Ndiyo maana nawaunga mkono wanaotaka kuhudumia magari yao wenyewe: unaokoa ujira wa fundi, na unaliona tatizo likiwa bado dogo.

Lakini mikono yako haipunguzi bei ya kipuri. Chukua vidanji tu, yaani kubadilisha oili: Corolla inatosheka na lita 4 hivi za oili, 911 hiyo inataka zaidi ya lita 8, tena za sintetiki. Mafuta ya breki hubadilishwa kila miaka 2, hata kama gari limelala uani. Matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, hivyo huwezi kuyahamisha ili yaishe sawasawa. Kipuri cha Toyota unakipata mjini siku hiyo hiyo. Cha Porsche unakiagiza nje kwa dola, unalipa usafiri na ushuru wa forodha wa DGDA, kisha unasubiri kivuke mpaka wa Kasumbalesa au kitue uwanja wa ndege wa Luano. Ukikosea namba yake, unalipa mara mbili.

Kisha kuna kazi zisizowezekana uani. Beringi ya shafti ya kati ya 996 ni kitu cha kushika kiganjani, lakini ikivunjika inaweza kuua injini nzima, na kuifikia lazima gia boksi ishuke. Kwa Ferrari F355, kubadilisha mikanda ya taimingi huanza kwa kuitoa injini yenyewe.

Wengi wetu tunanaswa hapa. Gari la kifahari likizeeka, bei yake hushuka hadi tunaona tunaimudu. Vipuri vyake havishuki nalo: bado vinauzwa kwa kipimo cha tajiri aliyelinunua jipya.

Basi anayelitamani, na aweke kando fedha za vipuri kabla ya kuweka saini. Asiyenazo asione haya kusubiri. Na aliyenalo tayari asingoje mvua: bampa ivuliwe kabla haijanyesha.