Ndoo Moja, Vipimo Viwili: Floraidi Katika Maji ya Kunywa

Kamati nyingi za maji zikipokea majibu ya maabara huuliza: maji haya ni salama au si salama? Swali ni zuri lakini halitoshi. Ili kujua madhara ya kemikali ni lazima kujua kiasi kinachoingia mwilini kila siku, uzito wa mwili huo, na muda ambao mtu ameitumia.

Tuchukue mfano wa floraidi, ambayo wenzetu wanaoishi kuzunguka mlima Meru wanaifahamu vizuri. Huko maji hupita katika miamba ya volkano na kuyeyusha madini hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 8 vijijini, baadaye 4, na sababu ilikuwa uhaba wa maji, si kwamba miili yetu ni migumu zaidi.

Kwa kemikali nyingi wataalamu huanza na wanyama wa maabara. Hutafuta kiwango cha juu ambacho hakikuleta madhara, kisha hukigawanya, mara nyingi kwa 100: mara 10 kwa kuwa binadamu si panya, na mara 10 tena kwa kuwa watu hatufanani. Floraidi ni tofauti, maana ushahidi wake umetoka kwa watu wenyewe. Katika miaka ya 1930 daktari wa meno wa Marekani, H. Trendley Dean, alilinganisha meno ya watoto na maji ya miji waliyokulia.

Sasa tupige hesabu. Maji ya kisima yana miligramu 3 kwa lita. Mama wa kilo 60 anakunywa lita 2, anapata miligramu 6, yaani 0.1 kwa kila kilo ya mwili wake. Mtoto wa kilo 10 anakunywa lita 1 tu, lakini anapata 0.3 kwa kila kilo. Mwaka 1997 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka kikomo cha 0.1 kwa kilo kwa watoto hadi miaka 8, umri ambao meno ya ukubwani yanajengeka. Mtoto huyu amekizidi mara tatu kwa ndoo ile ile ya mama yake. Meno yakishaota na madoa ya kahawia hayarudi kuwa meupe, na kiwango kikiwa kikubwa kwa miaka mingi hata mifupa huharibika.

Tena maji si njia pekee. Chai ina floraidi, na magadi yanayotiwa kwenye maharage huweza kuwa nayo nyingi. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki.

Kwa hiyo pimeni kabla ya kujenga tangi, na pimeni tena msimu ukibadilika. Maji yenye floraidi nyingi bado yanafaa kufulia na kuogea. Yale ya kunywa na kupikia yanaweza kutoka kwenye paa, au kuchujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia iliyofanyiwa kazi kwa miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, Arusha. Wafadhili nao wakumbuke kwamba mkaa huo huchoka bila ladha ya maji kubadilika. Fungu la kununua mkaa mpya na kupima maji liwemo katika bajeti tangu mwanzo.