Kuishi Kisiwani Bila Gari: Njia, Nauli na Haki za Anayetembea kwa Miguu

Kabla jua halijachomoza, upande wa Likoni umati huwa tayari umesimama mbele ya lango la kivuko. Kuna vibarua wa bandarini, wauzaji wa Marikiti, wanafunzi, wauguzi, mafundi na akina mama wenye vikapu. Wengi wao hawana gari. Wakishuka upande wa kisiwani, baadhi hupanda matatu, baadhi tuktuk, na waliobaki hushika njia kwa miguu.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Hata hivyo, zinapozungumzwa barabara, mara nyingi mazungumzo huanza na mwenye gari: msongamano, maegesho, foleni ya kuingia mjini. Makala haya yanaeleza safari ya yule asiye na gari: njia anazotumia, sheria zinazomlinda, na mahali pa kupeleka malalamiko njia inapomshinda.

Mji uliopimwa kwa hatua

Kisiwa cha Mombasa si kikubwa. Kutoka Fort Jesus hadi Marikiti ni mwendo wa dakika kumi hivi. Kutoka Fort Jesus hadi kivuko cha Likoni ni chini ya saa moja kwa mtu mzima mwenye afya, na hadi daraja la Nyali vivyo hivyo. Kwa umbali huo, miguu ndiyo usafiri wa kwanza wa kisiwa.

Mji wa Kale unaonyesha hivyo waziwazi. Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593, na mitaa iliyo kando yake ilikua wakati mizigo ikibebwa na watu na wanyama. Ndia Kuu, ambayo kwa Kimvita maana yake ni njia kuu, leo inaonekana nyembamba kwa mwenye gari, lakini kwa anayetembea ni pana vya kutosha. Wembamba huo una faida yake. Nyumba ndefu zilizokaribiana hutiliana kivuli, roshani hukinga jua na mvua, na baraza za mawe mbele ya milango humpa mzee mahali pa kupumzika kabla ya kuendelea.

Eneo hilo liliwekwa chini ya mpango wa uhifadhi mwaka 1990, na Fort Jesus ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Uhifadhi huo unalinda pia upana wa njia. Vichochoro vya Kuze na Mlango wa Papa haviwezi kupanuliwa bila kubomoa nyumba, kwa hiyo magari yakiongezeka nafasi inayopungua ni ya waenda kwa miguu.

Magari ya zamani yaliyosukumwa na watu

Mombasa ilijua usafiri wa pamoja kabla ya motokaa kufika. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyokuwa ikitawala pwani ilianza kutandika reli nyembamba kwa nia ya kwenda bara. Mradi huo haukufika mbali, na reli zikatumiwa kisiwani. Juu yake vilipita vibehewa vidogo vyenye viti na paa la turubai, vikisukumwa na vijana kutoka Mji wa Kale hadi Kilindini. Watu waliviita gari, neno lililotoka Kihindi.

Baadaye motokaa zilichukua barabara, na makazi yakavuka maji. Daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na daraja linalotumika sasa likafunguliwa mwaka 1980. Kisauni, Bamburi, Likoni, Changamwe na Jomvu zikajaa watu, huku kazi, masoko, bandari na hospitali kubwa zikibaki kisiwani au karibu nacho.

Hapo ndipo ugumu wa leo ulipoanzia. Watu wanalala ngambo na wanafanya kazi kisiwani, na njia za kuingia ni chache: kaskazini daraja la Nyali, magharibi Makupa na Kipevu, kusini kivuko cha Likoni. Hitilafu ikitokea katika njia moja, mji mzima huisikia.

Feri: barabara isiyolipiwa nauli

Kivuko cha Likoni huvusha zaidi ya watu 300,000 na magari yapatayo 6,000 kwa siku, kwa makadirio yanayotumiwa sana. Mwenye gari hulipa, na anayetembea kwa miguu havushwi kwa malipo. Kwa familia yenye kipato kidogo, jambo hilo ndilo linalowezesha kuishi Likoni na kufanya kazi mjini.

Matatu za pande zote mbili hazivuki. Abiria hushuka, huvuka kwa miguu, kisha hutafuta gari jingine ngambo. Kwa hiyo safari moja ya kwenda kazini huweza kuwa na vipande vitatu: matatu hadi feri, feri yenyewe, na matatu au tuktuk hadi kazini. Kila kipande cha gari hulipiwa peke yake. Anayeamua kutembea kipande kimoja huokoa nauli ya asubuhi na ya jioni, na mwisho wa mwezi tofauti huonekana mezani.

Historia ya vivuko hivi ina msiba mkubwa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikielekea kisiwani, na watu 272 wakapoteza maisha. Wengi walikuwa wafanyakazi wa kawaida waliokuwa wakienda kazini asubuhi. Ndiyo sababu wanaosimamia kivuko hufunga lango feri inapojaa, hata kama nafasi ndogo inaonekana. Kuruka kizuizi au kukimbilia feri inayoondoka kunahatarisha mtu mwenyewe na wenziwe. Waliosema mwenda pole hajikwai hawakukosea.

Wakati wa janga la korona lilijengwa daraja la kuelea la waenda kwa miguu kutoka Liwatoni hadi upande wa Likoni, likakamilika mwaka 2020, ili kupunguza msongamano kivukoni. Lakini Kilindini ni mlango wa meli, na daraja la kuelea lililazimika kufunguliwa meli zilipopita. Barabara ya Dongo Kundu nayo inawawezesha wenye magari kufika Kwale bila kupanda feri. Kwa asiye na gari anayetoka Likoni kwenda Marikiti, barabara hiyo ni mzunguko mrefu, na feri inabaki kuwa njia yake.

Matatu, tuktuk na bodaboda

Matatu ndiyo hubeba abiria wengi kati ya kisiwa na ngambo. Kanuni zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ambazo wengi huziita sheria za Michuki, zilileta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo, mstari wa njano, sare za madereva na makondakta, na kiwango cha abiria. Matatu ya viti 14 inapaswa kubeba abiria 14. Abiria anayekataa kusimama au kubanwa hafanyi ukorofi. Anadai kilichoandikwa katika sheria.

Tuktuk imeziba pengo ambalo matatu haliwezi kuliziba. Huingia mitaani, hufika mlangoni, na hubeba mgonjwa, mzee au mzigo wa soko. Ni vyema kukubaliana nauli kabla ya kupanda, hasa siku za mvua ambapo bei hupanda ghafla.

Bodaboda ni ya haraka, lakini ajali yake ni mbaya. Sheria ya trafiki inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki, na inamtaka avae kofia ngumu na jaketi la kuakisi mwanga kama dereva wake. Mzazi anayempakia mtoto wa shule pamoja na wenzake wawili nyuma ya dereva mmoja anaokoa shilingi chache na kuweka rehani maisha.

Usafiri mwingine usisahaulike: mkokoteni. Maji, magunia ya mchele, mitungi ya gesi na fanicha nyingi za Mji wa Kale hufika nyumbani kwa nguvu za hamali. Njia ikizibwa, bidhaa hizo huchelewa na bei yake huongezeka.

Njia inapozibwa, nani anaumia

Gari moja lililoegeshwa vibaya katika mtaa mpana ni kero. Katika kichochoro cha Mji wa Kale huweza kuwa hatari. Mtaa huo ndio anaopitia mama mjamzito akikimbizwa hospitali, ndio unaopitisha jeneza mabegani kuelekea msikitini, na ndio wazima moto wanaotegemea kupitisha mipira ya maji. Katika nyumba zilizogusana na zenye mbao nyingi, moto hausubiri mwenye gari atafutwe.

Kando ya barabara kubwa tatizo hubadilika sura. Njia ya waenda kwa miguu ikijaa bidhaa, magari au kifusi cha ujenzi, mtu hushuka barabarani kati ya matatu na lori. Mtoto, mzee na mtu anayetumia kiti cha magurudumu ndio wa kwanza kupata shida. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kwa njia inayofaa mahali pote pa umma na kutumia usafiri wa umma. Ukingo wa barabara usio na mteremko na mtaro usiofunikwa humzuia kufika huko.

Miji jirani imekabiliana na jambo hilihili. Mji wa Lamu, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, mpaka leo hutegemea miguu, punda na mashua. Mji Mkongwe wa Zanzibar nao una vichochoro ambavyo gari haviviwezi. Biashara za miji hiyo zinaendelea, na wageni huja hasa kwa sababu mtu anaweza kutembea humo.

Nani anasimamia nini

Mkazi mwenye lalamiko mara nyingi huzungushwa kwa kutojua mlango wa kubisha. Kwa ufupi:

Jedwali la Nne la Katiba linaipa serikali ya kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, na usafiri wa umma wa barabara. Taa iliyozimika mtaani, mtaro ulio wazi au maegesho yaliyoziba njia ni mambo ya kaunti, na mkazi huanza kwa msimamizi wa wadi au mwakilishi wadi wake.

Barabara kuu za kitaifa, pamoja na madaraja yake, ziko chini ya mamlaka za barabara za serikali ya kitaifa. Leseni za matatu na usalama wa magari ya abiria ni kazi ya NTSA. Kivuko cha Likoni kinaendeshwa na Mamlaka ya Bandari. Masuala ya majengo ya kale hushughulikiwa pamoja na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kwa ajali au uhalifu njiani, nambari ya dharura ni 999 au 112.

Sauti ya mkazi katika bajeti

Pesa za njia za miguu, taa na vituo vya matatu hupangwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Katika mikutano hiyo ombi lililo wazi huwa na nguvu kuliko lalamiko la jumla. Mkazi ataje jina la mtaa, mahali taa ilipozimika, saa ambayo watoto huvuka, na idadi ya nyumba zinazotumia njia hiyo. Majirani wakienda pamoja, orodha yao ni vigumu kuipuuza.

Wenye magari nao wana sehemu yao. Kuegesha nje ya Mji wa Kale na kutembea dakika chache, kuacha kivuko cha waenda kwa miguu wazi, na kutopiga honi nyuma ya hamali aliyebeba mzigo ni mambo yasiyogharimu shilingi. Kila dereva akishazima injini na kufunga mlango, naye huwa mwenda kwa miguu, na njia anayoiacha wazi leo ndiyo atakayopita kesho.