Picha ya Zamani Haina Ukali? Usiikimbizie Programu, Soma Hapa Kwanza

Siku hizi watu wengi wanachukua picha za albamu ya nyumbani, wanazipiga kwa simu, kisha wanazipitisha kwenye programu ya kuboresha ili zionekane kali kama zimepigwa jana. Kabla hujafanya hivyo, ni vizuri ujue ukali wa picha za mkanda ulitoka wapi na una umuhimu kiasi gani.

Jibu fupi: una umuhimu, ila si kwa kila picha.

Ukali unatoka wapi?

Cha kwanza ni mkono. Kamera ikitikisika, hata lenzi ya bei mbaya haisaidii. Wapiga picha wana kanuni yao: kama umeshika kamera mkononi na lenzi ni ya milimita 50, usipige kwa kasi ya chini ya 1/50 ya sekunde. Mwanga ukiwa mdogo kuliko hapo, tafuta stendi au egemea ukuta.

Cha pili ni fokasi. Kwenye kamera nyingi za zamani mpiga picha alizungusha lenzi mwenyewe. Akikosea kidogo tu, sikio linatoka kali na jicho linatoka na ukungu.

Cha tatu ni mkanda wenyewe. Mkanda wa ISO 100 una chembe ndogo, lakini unataka mwanga wa kutosha. Wa ISO 400 unavumilia mwanga hafifu, ila chembe zake zinaonekana zaidi.

Cha nne ni ukubwa wa negativu. Ile ya kawaida ya 35mm ina milimita 24 kwa 36 tu. Ukisafisha picha ya sentimita 10 kwa 15, umeikuza kama mara 4. Ukitaka ya ukutani ya sentimita 40 kwa 60, umeikuza karibu mara 17. Ndiyo maana picha inaweza kuonekana safi kwenye albamu, lakini ukiivuta kwenye simu unakutana na ukungu.

Picha yenye ukungu iliyoingia kwenye historia

Juni 6, 1944, mpiga picha Robert Capa alishuka na wanajeshi wa Marekani kwenye ufukwe wa Omaha, Normandy, Ufaransa, huku risasi zikirindima. Baadhi ya picha zake zilitoka zimetikisika vibaya. Jarida la Life lilizichapisha hivyo hivyo mwezi huohuo, na hadi leo ni kati ya picha za vita zinazojulikana zaidi duniani. Capa mwenyewe alikipa kitabu chake cha mwaka 1947 jina la Slightly Out of Focus, yaani fokasi imepotea kidogo.

Ule ukungu haukuficha habari. Ulikuwa sehemu ya habari.

Lakini kuna kazi zinazodai ukali

Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, alitumia negativu kubwa za sentimita 13 kwa 18. Wateja wake walikuja wamependeza, na walitaka maua ya kitambaa na mkufu wa shingoni vionekane. Pale picha ikikosa ukali, mteja amekosa alichokilipia. Ni sawa na paspoti saizi: kazi yake ni kukutambulisha, sasa ikiwa na ukungu itamtambulisha nani?

Kwa hiyo usiulize tu kama picha ni kali. Uliza ilipigwa kwa kazi gani.

Turudi kwenye ile programu

Kitu ambacho mkanda haukukinasa hakipo. Programu ya akili bandia haiwezi kukirudisha, inakisia tu kutokana na picha nyingine ilizofundishiwa. Inaweza kumpa bibi yako kope, meno au mdomo ambao si wake. Kama hiyo ndiyo picha pekee ya marehemu iliyobaki, wajukuu watakua wakijua sura ya mtu ambaye hakuwahi kuwepo.

Fanya hivi:

- Tafuta negativu kwanza. Mara nyingi ina mambo mengi kuliko picha iliyosafishwa, na ikiskaniwa vizuri inaweza kutoa ukali ambao hukuwahi kuuona.
- Kama negativu haipo, skani picha yenyewe. Ukilazimika kutumia simu, piga penye mwanga wa dirisha bila flashi, na shikilia simu sambamba na picha.
- Hifadhi nakala ya asili bila kuigusa. Ukitengeneza iliyoboreshwa, iandike jina kwamba imeboreshwa.
- Usitupe ile ya karatasi.

Picha ya bibi ikiwa na ukungu, bado ni bibi.