TEZO NA MASHINE: KAZI YA FUNDI ALI SKANDA WA LAMU



Penye mafundi seremala swali hili halikosekani: mashine ikija, mkono wa fundi utakwenda wapi? Leo tunawaletea habari za fundi mmoja wa pwani yetu hii hii, upande wa kaskazini. Naye ni Ali Skanda wa Lamu, nchini Kenya.

Skanda ni fundi wa vyombo vya baharini, mtu wa ukoo wa mafundi. Kazi hii haifundishwi kwa vitabu. Kijana hukaa na mzee, hushika tezo na keekee, hukosea na kurudia, mpaka jicho lake lenyewe linakuwa kipimo. Mwaka 2014 Skanda alifika Washington, Marekani, katika tamasha la Smithsonian, akawaonyesha watu jinsi jahazi la Lamu linavyoundwa. Angeishia hapo, tungemsifu kuwa ni fundi hodari wa kazi za zamani. Hakuishia hapo.

Mbao nzuri zimekuwa haba na ghali, na huku fukwe zinajaa taka za plastiki. Mwaka 2016 Ben Morison alitoa wazo la kuunda chombo kwa taka hizo, na Skanda akawa fundi mkuu wa kazi hiyo. Chombo kikaitwa Flipflopi, kwa sababu ya kandambili zilizookotwa ufukweni.

Tutazame kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye somo. Kwanza taka zilikusanywa na kuchambuliwa. Kisha zikakatwakatwa, zikayeyushwa kwa mashine na kutolewa zikiwa maboriti na mbao za plastiki. Hiyo ni kazi ya kiwanda. Baada ya hapo mafundi wakazishika kwa msumeno, tezo na randa, wakachonga mkuku na mataruma, wakaunga ubao kwa ubao kama walivyofundishwa na wazee wao.

Lakini plastiki si mti. Haina nyuzi za kumwongoza fundi, hupinda, na hutanuka ikipata joto. Mashine haijui wapi ubao uwe mnene na wapi upunguzwe ili chombo kikae vizuri majini. Hilo analijua fundi.

Zilitumika tani zipatazo 10 za plastiki, na ubavuni chombo kikavikwa kandambili zipatazo 30,000. Kikashushwa majini Lamu tarehe 15 Septemba 2018. Mapema mwaka 2019 kilisafiri kwa tanga mpaka Unguja, safari ya kilomita zipatazo 500, kikipita bandari kwa bandari kuwafundisha watu juu ya taka. Mwaka 2021 kikapelekwa Ziwa Victoria.

Ndugu, tunajifunza nini?

La kwanza, mashine ilichukua kazi ya kuyeyusha, haikuchukua akili ya fundi. La pili, fundi alikuwapo tangu mwanzo. Hakuitwa mwishoni kupiga misumari kwenye kitu kilichokwisha kuamuliwa na wengine. La tatu ni la usalama: moshi wa plastiki ni sumu. Popote kazi ya namna hii itakapoanzishwa, wafanyakazi wapewe vifaa vya kujikinga kabla ya moto kuwashwa, si baada ya mtu kuugua.

Wala tusidanganyane. Chombo kimoja hakilishi mji mzima, na kazi hiyo ilihitaji fedha za wafadhili. Faida yake kubwa ni kuonyesha kwamba ufundi wa zamani unaweza kukaa meza moja na kiwanda bila kuwa mtumwa wake.

Sisi huku Pundanhar tuna miti. Tangu Januari 2017 sheria ya Msumbiji inakataza kusafirisha magogo ghafi nje ya nchi. Maana yake ni kwamba mti upasuliwe humu humu na wenyeji wapate kazi. Lakini tukiishia kupasua mbao tu, wengine ndio watakaotengeneza meza, milango na vitanda, na faida itawafuata wao. Msumeno wa mashine upasue, mkono wetu uumbe.

Jambo hili ni zito kwetu. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, watu walikimbia wakiacha nyumba na mali. Mwezi uliofuata mradi wa gesi wa Afungi ukasimamishwa, na vijana waliotegemea ajira ile wakabaki mikono mitupu. Ajira ya mwajiri mmoja inaweza kukatika siku moja. Ufundi ulio mkononi mtu hukimbia nao, na hurudi nao.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kila fundi achukue wanafunzi wawili, wasichana nao wasisahauliwe. Mafundi waungane wanunue mashine ya kupasulia kwa pamoja, maana kidole kimoja hakivunji chawa. Na yeyote anayekuja na mradi aandike mkataba unaosema wazi ni nani anayebuni, ni nani anayetengeneza, na kila mmoja analipwa nini.

Mashine tunaikaribisha, ila mkono wa fundi ndio uiongoze.