Je, Wajua? Mikono Iliyoshikana

Katuni ya Marekani, The Legend of Korra, ilikhitimishwa Desemba 2014 kwa wanawali wawili, Korra na Asami, kushikana mikono na kutazamana machoni; hapana busu, wala neno la mahaba. Mashabiki, waliotamani bila ya yakini, walithibitishiwa mapenzi hayo na watungaji wenyewe siku chache baadaye.

Juni 2017, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku katuni hiyo pamoja na nyingine tano, kwa madai ya kueneza ushoga, amri iliyomhusu mtazamaji wa Nairobi sawasawa na wa Mokowe, bara ya Lamu.

Na Rafiki, ya Wanuri Kahiu, nayo ya mapenzi ya wanawali wawili, filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes? Ilikatazwa Aprili 2018. Septemba, Mahakama Kuu iliiruhusu siku 7 tu, watu wakafurika sinema.